KABLA YA KUMWANIKA MTU KWENYE SIMU



Siku hizi, kutoka Isebania hadi Mbita, ni vigumu kupata kikundi kisicho na grupu ya WhatsApp. Ni chombo kizuri. Mkutano unatangazwa, na omena na njugu zinapata wanunuzi. Lakini chombo hicho hicho kinaweza kukifikisha kikundi kortini. Tueleze mambo matatu.

1. Mwanachama asiyelipa mkopo

Tuseme mama mmoja alikopa shilingi 15,000 kikundini na sasa anajificha. Katibu anakasirika, anaweka picha yake kwenye Facebook na kuandika, "Huyu ni mwizi."

Hapo kuna makosa mawili. Kwanza, kuchelewa kulipa deni siyo wizi. Mama huyo anaweza kudai fidia kwa kuharibiwa jina, mradi afungue kesi kabla ya miezi 12 kupita. Wengine husema sheria hiyo ilifutwa. Hapana. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilikataa kifungu kilichofanya jambo hilo kuwa la kufungwa jela. Kesi ya kudai fidia bado ipo.

Pili, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda jina, picha na nambari ya simu ya mtu. Mtauliza, "Na kama deni ni la kweli?" Ukweli unaweza kuwatetea katika kesi ya jina, lakini hauwapi ruhusa ya kutangaza picha yake. Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data alitoza kampuni ya mikopo ya simu, Mulla Pride, shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu kuwatumia ujumbe wa vitisho.

Basi tufanyeje? Fuateni katiba ya kikundi: barua, wadhamini, kisha kikao. Ikishindikana, Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Si lazima uwe na wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe kwa siku 60.

2. Kijana wa mashine ya kusaga

Kikundi kinachomlipa mtu mshahara ni mwajiri, hata kama wote ni watu wa kanisa moja. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi 3 au zaidi.

Pesa zikipungua, msimfukuze kwa ujumbe wa WhatsApp usiku. Kifungu cha 41 kinasema aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na asikizwe. Mkiruka hatua hiyo, korti inaweza kuwaamuru mlipe fidia ya hadi mishahara ya miezi 12, na ujumbe wenu wenyewe utakuwa ushahidi.

Mfanyakazi naye ajue: kumtukana mwajiri ni sababu ya kufutwa, hata matusi yakiwa ya simu. Lakini hata hapo lazima asikizwe kwanza.

3. Picha za kutangaza kazi yetu

Picha ya wanawake wakifuma vikapu huvutia wateja. Picha ya mayatima huvutia wafadhili. Ombeni ruhusa kwanza, na kwa mtoto, ruhusa ni ya mzazi au mlezi. Mwezi huo huo wa Septemba 2023, Roma School ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Baa moja ya Nairobi, Casa Vera, ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja. Kikundi gani chetu kina pesa kama hizo?

Andikeni ruhusa hiyo katika kitabu cha kumbukumbu, na mtu atie sahihi au kidole gumba. Akibadili nia baadaye, toeni picha.

Kanisa hutufundisha kuongea na aliyekosa faraghani kwanza. Jameni, tukifanya hivyo, deni litalipwa na ujirani utabaki.

Ya kujadili kikundini:
- Katiba yetu inasema nini kuhusu mkopo uliochelewa?
- Nani ana ruhusa ya kutuma habari kwa jina la kikundi?
- Je, tunayemlipa ana mkataba?