Faragha ya Mtoto na Simu ya Mwalimu

Nadharia mbili zatufaa sisi walimu. Mwaka 1967 Alan Westin wa Marekani alieleza kuwa faragha ni haki ya mtu kuamua mwenyewe habari zake zimfikie nani, lini, na kwa kiasi gani. Mwaka 2004 mwanafalsafa Helen Nissenbaum alifafanua kuwa kila habari ina mahali pake: iliyo halali mahali pamoja yaweza kudhuru penginepo. Alama za mtoto zikisomwa na mzazi wake ni msaada. Zikitumwa kwa simu kwa kundi la wazazi wote ni fedheha, wala hazirudi tena. Basi, kabla ya kutuma, hatuna budi kujiuliza: habari hii tulikabidhiwa kwa kazi gani? Swali hilo tuwafunze na watoto.