Paka ni wa Bure, Vitu Vyake Je? Bajeti ya Paka Mpya kwa Mkazi wa Utange

Huku Utange paka hanunuliwi. Wa jirani akizaa wanne, baada ya wiki nane hivi watoto wa mtaa wanapita nao nyumba hadi nyumba, na kabla hujajibu lolote mmoja ameshalala kwenye kochi lako. Hapo bado hujatoa hata shilingi. Pesa inaanza kutoka wiki inayofuata, na inatoka kidogokidogo kwa simu: mia mbili hapa, mia tatu pale, nauli ya kwenda Bamburi, rider wa kuleta mzigo. Mwisho wa mwezi ukifungua taarifa yako ya miamala unashangaa huyu paka wa bure amekula nini.

Shida kubwa huwa ni mpangilio. Wengi wetu tunaanza na vitu vinavyopendeza kwenye picha: kola yenye kengele, kitanda cha manyoya (kwa joto hili la Mombasa, jamani), bakuli lenye sura ya paka. Halafu ikifika siku ya chanjo, mfuko umekauka. Geuza huo mpangilio. Anza na daktari, kisha jikoni na kwa mafundi wa mtaani, halafu duka ndiyo lije mwisho kabisa.

Pesa ya kwanza ni ya daktari

Paka mdogo anahitaji dawa ya minyoo mapema, chanjo za magonjwa ya paka kuanzia wiki ya nane hivi, na chanjo ya kichaa cha mbwa akifika miezi mitatu. Hiyo ya mwisho usiiruke eti kwa sababu jina lina mbwa. Paka pia hupata kichaa, na akikuparura au kukuuma wewe ndiye utakayehangaika na sindano. Kenya ilijiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na chanjo ya wanyama ndiyo njia yenyewe. Kwa hivyo, kabla ya kulipa popote, uliza ofisi ya mifugo ya kaunti kama kuna kampeni ya chanjo iliyo karibu. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba, na kampeni nyingi hufanywa kipindi hicho.

Ukienda kwa daktari wa binafsi, muulize kama amesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Si utovu wa adabu, ni haki yako kama mteja. Piga simu kwanza uulize bei, na uulize kama anapokea malipo kwa till.

Sasa, hapa kuna jambo ambalo ningekuomba umsomee na jirani yako. Paka akiwa na homa, usimpe Panadol. Ini lake haliwezi kuvunja dawa hiyo, na hata kidonge kimoja kinaweza kumuua. Vilevile, ukienda agroveti kutafuta dawa ya viroboto, usikubali ile ya mbwa kwa sababu tu ni rahisi. Dawa nyingi za mbwa zina permethrin, ambayo mbwa anaivumilia lakini paka inamtia kifafa na kumuua. Taja neno "paka" waziwazi, mwambie na uzito wake, na usome lebo mwenyewe kabla ya kutoa simu mfukoni. Dawa ya bei ya chini isiyomfaa mnyama wako ndiyo ghali kuliko zote dukani.

Jikoni na kwa mafundi

Chakula ndicho kitakachokula pesa mwezi baada ya mwezi, kwa hivyo tukae hapa kidogo.

Paka ni mla nyama kwa lazima. Kuna kirutubisho kinaitwa taurini ambacho mwili wake hautengenezi cha kutosha, na akikikosa kwa muda mrefu, macho na moyo huharibika. Taurini iko kwenye nyama na samaki. Haiko kwenye ugali wala wali. Kwa hivyo ile sahani ya ugali ulioloweshwa mchuzi inamjaza tumbo tu. Ugali kidogo wa kuongezea si neno, lakini sehemu kubwa ya sahani iwe samaki au kuku.

Habari njema ni kwamba sisi watu wa pwani tuko karibu na samaki. Dagaa, vichwa vya samaki, maini kidogo, mabaki ya kuku kwa muuza kuku: vyote hivi ni vya bei ya chini. Vichemshe, toa miba na mifupa, na yale maji uliyochemshia usiyamwage, mchanganyie humohumo kwa sababu taurini nyingi imetoka ikaingia kwenye supu. Usitie chumvi. Papa na ng'onda waache, chumvi yake imezidi. Na samaki wa kupaka uliobakisha jana, najua anakutazama kwa macho ya huruma, usimpe: kitunguu na kitunguu saumu vinaharibu damu ya paka. Maziwa ya ng'ombe nayo huwaharisha paka wengi. Maji safi yanatosha, yaleyale unayokunywa wewe, si ya kisima chenye chumvi.

Kwa miezi ya mwanzo anapokua, ni vizuri kumchanganyia na chakula kikavu cha watoto wa paka, maana hicho kimepimwa virutubisho vyote. Uliza duka linalopima kwa kilo ununue kidogo kwanza. Paka ana maringo; unaweza kununua gunia zima akalinusa akaondoka.

Choo chake ni beseni la plastiki la kawaida na mchanga safi wa ujenzi. Mchanga wa baharini una chumvi, uache ulipo. Vumbi la mbao kwa fundi seremala linafaa pia, wengine watakupa bure, ila hakikisha halikutoka kwenye mbao zilizopakwa dawa. Safisha kila siku, na kama kuna mjamzito nyumbani, kazi hiyo aifanye mwingine, kwa sababu kinyesi cha paka kinaweza kubeba vijidudu vinavyomdhuru mtoto tumboni.

Cha kukwaruzia kucha usinunue. Chukua kipande cha gogo, kizungushie kamba ya katani, basi. Mashamba ya katani yako hapo Vipingo tu, itakuwa ajabu sisi kuagiza kamba iliyotoka ng'ambo. Na cha kumbebea kwenda kwa daktari ni kapu lenye kifuniko kinachofungika vizuri. Usimpakate tu kwenye bodaboda.

Unapolipa

Chukua mfano wa M-Pesa, ndiyo wengi tunayo. Ukitoa 300 kwa wakala mara nne kwa mwezi, kila mara unakatwa 29, jumla 116. Ukitoa 1,200 mara moja unakatwa 29 tu. Na ukilipa kwa till ya Buy Goods, wewe mnunuzi hukatwi kitu. Kwa hivyo agroveti yenye till ina nafuu kuliko ile inayokwambia "tuma kwa namba yangu, weka na ya kutoa." Pochi la Biashara ni tofauti na till, hapo unakatwa ada kama ya kumtumia mtu. Lakini mama wa samaki ukimtumia 80 hamna ada, kwa sababu kutuma 100 kwenda chini ni bure.

Tahadhari zaidi kwa wauzaji wa mtandaoni. Picha ni nzuri, bei ni nusu ya dukani, kisha anaomba ulipe kwanza "ndio rider atoke." Mwambie utalipa mzigo ukifika Utange na umeuona. Akikataa, mwache aende na kitanda chake cha manyoya. Akikubali, soma jina linalotokea kwenye simu kabla muamala haujakamilika: kama duka linaitwa hivi na jina ni la mtu usiyemjua kabisa, simamisha, uulize. Piga hesabu ya rider pia. Kutoka Nyali hadi huku, usafirishaji unaweza kupita bei ya bakuli lenyewe.

Ukikosea nambari, tuma ile meseji ya muamala kwenda 456 mara moja. Lakini elewa kwamba huduma hiyo ni ya pesa iliyokwenda kimakosa. Haikusaidii kama ulilipa kwa hiari yako ukaletewa takataka, au hukuletewa chochote.

Na kama ni jike

Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, na anaibeba kwa miezi miwili hivi. Maana yake, kabla ya mwaka kuisha unaweza kuwa wewe ndiye unayetuma watoto wapite na paka nyumba hadi nyumba. Muulize daktari mapema bei ya kumfunga uzazi, na afanyiwe akiwa na umri gani. Tuseme umeambiwa 3,600 na una wiki 12 mbele yako: hiyo ni 300 kwa wiki. Iweke kwenye akiba ya kufungiwa ya M-Shwari, ambako kuhamisha pesa kutoka M-Pesa hakuna ada, na uchague muda wa kufungia unaoisha kabla ya siku ya daktari. Dume naye anahasiwa, na kwa kawaida bei yake huwa chini kidogo, kwa hivyo uliza zote mbili ukiwa kwenye simu hiyohiyo.