Umiliki wa Gari ni Hati, Si Ufunguo

Aghalabu anayenunua gari kwa mara ya kwanza hushughulishwa na injini, rangi na magurudumu, akasahau suala la kimsingi: je, anayeuza ndiye mwenye gari? Kwa mujibu wa Sheria ya Trafiki ya Kenya, aliyesajiliwa ndiye huchukuliwa kuwa mmiliki hadi ithibitishwe vinginevyo.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mnunuzi hana budi kuitafuta rekodi ya gari katika Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) kupitia mfumo wa eCitizen, kisha alinganishe nambari za chesisi na injini na zile zilizomo katika rekodi hiyo. Jina la benki likiandamana na la muuzaji, ni dhahiri kwamba gari limewekwa dhamana ya mkopo; deni lisipolipwa, benki yaweza kulitwaa hata mikononi mwa mnunuzi asiye na hatia.

Uhamisho wa umiliki huanzishwa na muuzaji, naye mnunuzi akauidhinisha. Ni busara kubakiza sehemu ya malipo hadi jina libadilishwe. Bila hivyo, mtu hujikuta akilitilia mafuta gari la mwenzake.