Spectrum na BBC Micro: Saa ya Haraka, Kazi ya Polepole

Mzazi wa Uingereza aliyetaka kumnunulia mwanawe kompyuta katikati ya mwaka 1982 alikutana na hesabu ya ajabu. Kwa pauni 175 aliweza kuagiza kwa posta ZX Spectrum yenye kumbukumbu ya kilobaiti 48 na prosesa ya megahezi 3.5. Kwa pauni 399 angepata BBC Micro, Modeli B, yenye kilobaiti 32 tu na prosesa ya megahezi 2. Ukisoma karatasi ya bei, hapana mjadala: ya bei rahisi ina kumbukumbu kubwa zaidi na saa inayokwenda mbio zaidi. Lakini wahariri wa magazeti ya kompyuta walipoziweka mezani na kuzipa programu ileile, BBC Micro ilimaliza kwanza, tena ilimwacha mwenzake mbali.

Mashine zote mbili zilizaliwa Cambridge, na waliozitengeneza walijuana vizuri. Clive Sinclair alikuwa na sifa ya kupunguza gharama mpaka bei iwashangaze watu. Chris Curry alifanya naye kazi kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 1978 akaanzisha kampuni ya Acorn pamoja na Hermann Hauser. BBC ilipotafuta kompyuta ya kuambatana na vipindi vyake vya kuwafundisha wananchi teknolojia hiyo mpya, Sinclair na Acorn wote waliitaka kazi hiyo. Acorn waliipata, baada ya Steve Furber na Sophie Wilson kuunda mashine ya mfano kwa muda wa juma moja hivi. BBC Micro ikatoka Desemba 1981, Spectrum ikafuata Aprili 1982.

Njia ya kuzipima ilikuwa nyepesi. Mwaka 1977 Wamarekani wawili, Tom Rugg na Phil Feldman, walichapisha programu saba fupi za lugha ya BASIC, na gazeti la Uingereza la Personal Computer World likaongeza ya nane. Ya kwanza haifanyi chochote cha maana: inaandika neno la kuanza kwenye skrini, inahesabu kuanzia 1 hadi 1000, kisha inaandika neno la kumaliza. Zinazofuata zinaongeza mzigo kidogo kidogo, kugawanya, kuruka kwenda mstari mwingine na kurudi, kujaza jedwali la namba. Ya mwisho inatoa hesabu nzito za logi na sine. Mpimaji anakaa na saa ya kusimamisha mkononi, anabonyeza neno la kwanza likitokea, anabonyeza tena likitokea la pili. Kwenye vipimo hivyo BBC Micro ilikuwa miongoni mwa kompyuta za nyumbani zenye kasi kubwa kuliko zote za wakati wake, na Spectrum ilihitaji muda mara kadhaa zaidi.

Sababu ya kwanza imo ndani ya prosesa zenyewe. Spectrum ilitumia Z80, BBC Micro ilitumia 6502, na chipu hizi mbili hazipigi hatua sawa. Ni kama mtoto anayetembea na baba yake: mtoto anapiga hatua nyingi zaidi kwa dakika, na bado anaachwa nyuma. Amri nyepesi kabisa ya Z80 inachukua mapigo manne ya saa, wakati ya 6502 inachukua mawili. Chukua kazi moja ya kawaida, kusoma baiti moja kutoka kwenye anwani fulani ya kumbukumbu. Z80 inatumia mapigo 13, ambayo kwa megahezi 3.5 ni takriban sehemu 3.7 za milioni ya sekunde. 6502 inatumia mapigo manne, na kwa megahezi 2 hiyo ni sehemu mbili za milioni ya sekunde. Mwenye saa ya polepole amekwisha kurudi na baiti yake, mwenye saa ya haraka bado yuko njiani.

Hata hivyo, mambo hayaendi hivyo kila mara. Ukitaka kujumlisha namba mbili za biti 16, Z80 ina rejista pana kiasi cha kuifanya kazi hiyo kwa amri moja ya mapigo 11. 6502, ambayo hesabu zake zote zinapita kwenye rejista moja ya biti nane, inalazimika kuikata kazi vipande viwili: kujumlisha nusu ya chini, kuihifadhi, kisha nusu ya juu na kile kilichobebwa. Jumla yake ni mapigo 20, yaani sehemu 10 za milioni ya sekunde dhidi ya 3 na kidogo za Z80. Kwa hiyo mtu aliyeandika programu kwa lugha ya mashine, akijua chipu yake inapenda nini, aliweza kuifanya Spectrum ishinde.

Pengo kubwa lilitokana na BASIC. Ile ya BBC Micro iliandikwa na Sophie Wilson, na iliruhusu namba kamili zishughulikiwe kama namba kamili. Ukiandika jina la kigezo na kuweka alama ya asilimia mwishoni, mashine inajua haihitaji kuhangaika na desimali, na vigezo kuanzia A% hadi Z% vilitengewa mahali maalumu ili visitafutwe. BASIC ya Spectrum haikuwa na aina hiyo ya vigezo: kila namba ilihifadhiwa katika baiti tano na kupitishwa kwenye kikokotoo cha desimali. Pia kila programu iliporuka kwenda mstari fulani, mashine ilianza kuutafuta kuanzia mwanzo wa programu. BBC Micro ilikuwa na kilobaiti 32 za kumbukumbu ya kudumu kwa ajili ya BASIC na mfumo endeshi. Spectrum ililazimika kubana kila kitu katika 16. Nusu ya nafasi ni nusu ya chipu, na nusu ya chipu ni pauni zilizobaki mfukoni mwa mnunuzi.

Kisha kuna kumbukumbu ya kuandikia na kufuta, na hapa ndipo fedha za BBC Micro zilipokwenda. Kompyuta za wakati ule zilikuwa na tatizo la watu wawili kugombea mlango mmoja: prosesa inataka kumbukumbu ili ifanye hesabu, na saketi ya picha inataka kumbukumbu hiyohiyo ili ichore skrini. Acorn walinunua chipu za kumbukumbu zenye kasi ya kuhudumia maombi milioni nne kwa sekunde. Milioni mbili zikaenda kwa prosesa, milioni mbili kwa picha, kwa zamu, bila yeyote kumsubiri mwenzake. Chipu hizo zilikuwa ghali, na Modeli B, iliyotangazwa kwa pauni 335, ilipanda muda mfupi baadaye hadi 399.

Sinclair alikwenda njia nyingine. Katika Spectrum, kilobaiti 16 za kwanza zilitumiwa kwa pamoja na prosesa na chipu ya picha iliyotengenezwa na Ferranti. Chipu hiyo ilipokuwa ikichora mistari 192 ya skrini, na prosesa ikagusa eneo lile, saa ya prosesa ilisimamishwa mpaka picha ipite. Kilobaiti 32 za juu hazikuwa na foleni hiyo, na waandishi wa michezo walijifunza haraka kuweka huko sehemu za programu zinazohitaji mwendo.

Mpaka hapo BBC Micro inaonekana kushinda kila kona. Lakini kuna hesabu moja inayogeuza meza. Skrini zake zenye rangi nyingi au nukta nyingi zilikula kilobaiti 20 kati ya 32, na kilichobaki kiligawanywa kati ya mfumo endeshi na programu ya mwenye mashine. Skrini ya Spectrum ilikula baiti 6,912 basi: 6,144 za nukta na 768 za rangi. Ubahili huo ulipatikana kwa kuruhusu rangi mbili tu katika kila mraba wa nukta nane kwa nane, na ndiyo maana mwanasesere wa kijani akipita mbele ya ukuta mwekundu katika michezo ya Spectrum, vipande vya ukuta navyo vinageuka kijani. Macho yaliumia, lakini mwendo ulinufaika. Kwa hesabu ya karatasi, Z80 inanakili baiti moja kwa sehemu sita za milioni ya sekunde kwa amri yake maalumu, na 6502 kwa saba. Kuijaza skrini nzima ya Spectrum upya kunachukua takriban sehemu 4 za mia ya sekunde. Kuijaza skrini ya kilobaiti 20 ya BBC Micro kunachukua zaidi ya 14. Acorn waliliona tatizo, na chipu ya picha ya mashine yao iliweza kuisogeza skrini nzima bila kunakili chochote. Na wengine walibuni mbinu za kushangaza: katika mchezo wa Elite wa mwaka 1984, David Braben na Ian Bell waliifanya mashine ibadili aina ya skrini katikati ya kuchora, juu nukta nyingi, chini rangi zaidi, ili waokoe kumbukumbu.

Thamani, basi, ilitegemea nani anayelipa na kwa kazi gani. Ukigawanya bei kwa kilobaiti, Spectrum iligharimu pauni 3.65 kwa kila moja, BBC Micro pauni 12.47. Kwa familia iliyotaka michezo na mtoto ajaribu kuandika programu, jibu lilikuwa wazi, na zaidi ya Spectrum milioni tano ziliuzwa. Kwa shule mambo yalikuwa tofauti. BBC Micro ilikuwa na kibodi ya kweli, si vitufe vya mpira, na nyuma na chini yake kulikuwa na matundu ya printa, ya vyombo vya kupimia joto na umeme maabara, na nafasi ya kuunganisha mashine za darasa zima kwa mtandao. Serikali ya Uingereza ilizilipia shule nusu ya gharama. Acorn, waliotarajia mwanzoni kuuza 12,000, waliishia kuuza zaidi ya milioni moja na nusu.

Ushindani huo ulifika mahali pabaya Desemba 1984, Acorn walipotangaza magazetini takwimu za mashine zinazorudishwa na wateja kwa hitilafu, zikimlenga Sinclair. Yeye na Curry walikutana kwenye baa moja ya Cambridge, na inasimuliwa kwamba Sinclair alimcharaza mshirika wake wa zamani kwa gazeti lililokunjwa. Soko lenyewe halikumwachia nafasi yeyote kati yao. Mwaka 1985 Olivetti ya Italia iliingia Acorn ilipoyumba kifedha, na mwaka uliofuata Amstrad ikanunua biashara ya kompyuta ya Sinclair kwa pauni milioni tano.

Somo la kumbukumbu, hata hivyo, lilibaki kwa Wilson na Furber. Walipotafuta prosesa ya kurithi nafasi ya 6502, walipima chipu kubwa za kampuni nyingine na kukuta kwamba zinashindwa kuitumia kasi yote ambayo kumbukumbu inaweza kutoa. Wakaamua kuchora ya kwao, wakaiita ARM. Chipu ya kwanza ya ARM iliwashwa Aprili 1985, ikiwa imeunganishwa na BBC Micro. Vizazi vyake ndivyo vilivyomo leo ndani ya karibu kila simu ya mkononi, iwe inatuma M-Pesa Mwanza au inacheza video Mombasa.

Na namba kwenye lebo bado zinawauzia watu mashine. Mnunuzi wa kompyuta ya mezani iliyotumika, Kariakoo au Luthuli Avenue, ataambiwa kwanza kwamba prosesa yake ni Core i7, na bei itafuata jina hilo. Core i7-3770 ya mwaka 2012 ina viini vinne na saa ya msingi ya gigahezi 3.4. Core i3-12100 ya mwaka 2022, ya daraja la chini, ina viini vinne pia na gigahezi 3.3. Kwenye vipimo vya kawaida hiyo i3 inafanya kazi takriban mara mbili ya ile i7, kwa kuwa ndani ya kila pigo la saa inakamilisha amri nyingi zaidi na kumbukumbu yake inaitikia kwa upana zaidi. Na kama fedha haitoshi kununua mpya, kuna foleni nyingine ya kukagua kabla ya kulipa: diski. Diski ya kuzunguka inahitaji milisekunde kadhaa kufikia faili, SSD inahitaji sehemu ndogo tu ya milisekunde moja. i7 ya zamani yenye SSD itamfungulia mhasibu majedwali yake mapema kuliko ndugu yake yenye diski ya kuzunguka, ingawa lebo za mbele za mashine hizo mbili zinafanana herufi kwa herufi.