Je, Wajua? Mashine Ikiokoa Dakika, Dakika Huenda Wapi?

Nkoroi, kando ya Barabara ya Magadi, mteja anaomba mkopo kwa simu akiwa kwenye foleni ya M-Pesa. Jibu linaingia kabla mhudumu hajamaliza kumhesabia noti aliyetangulia. Nani kaamua?

Je, wajua M-Shwari, iliyozinduliwa Novemba 2012 na Safaricom pamoja na benki ya CBA, ilimpima mteja kwa jinsi anavyotumia simu na M-Pesa? Asiyewahi kukanyaga benki akakopa bila kuonana na karani.

Je, wajua kipimo cha aina hiyo huona tu kilichopita kwenye laini? Muuza sukuma wiki anayelipwa noti mkononi huonekana hana kitu. Daftari la madeni la duka jirani, ambako hulipa kila Jumamosi, linasema mengine.

Je, wajua M-Pesa ilipojaribiwa mwaka 2005 lengo lilikuwa kulipa mikopo midogo ya taasisi ya Faulu? Wateja wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Waliosimamia majaribio wakaliona hilo, na Machi 2007 huduma ikazinduliwa kwa kazi hiyo: kutuma pesa nyumbani.

Je, wajua Barclays ilifungua ATM yake ya kwanza Enfield, London, tarehe 27 Juni 1967? Marekani, mashine hizo zilipunguza gharama za tawi. Benki zikafungua matawi zaidi, na kwa miaka mingi makarani wakaongezeka. Kazi yao ikahama kutoka kuhesabu noti hadi kumsikiliza mteja.

Je, wajua Februari 2024 kampuni ya Klarna ya Uswidi ilitangaza kwamba akili unde yake inafanya kazi ya wahudumu 700? Mwaka 2025 ikaanza kuajiri watu tena, ili mteja anayetaka kuongea na binadamu ampate.

Je, wajua mwezi huohuo wa Februari 2024 Air Canada iliamriwa kumlipa abiria aliyepotoshwa na roboti ya tovuti yake? Ilijitetea kwamba roboti inawajibika yenyewe kwa majibu yake. Utetezi ukagonga mwamba.

Je, wajua kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya, 2019, kinahusu maamuzi mazito yanayofanywa na mashine peke yake? Unaweza kuomba uamuzi wa namna hiyo uangaliwe upya. Ukipata mtu wa kukusikiliza, mtajie na lile daftari la dukani.