Amri ya Tano Barabarani: Kuvifahamu Vifaa vya Usalama vya Gari



Wapendwa taifa la Mungu, mwaka haupiti bila parokia zetu kuwa safarini. Kwaya hualikwa parokia jirani, jumuiya ndogondogo husindikiza marehemu hadi kijijini kwao, akina mama wa WAWATA huenda hija Pugu au Bagamoyo, na wengine huvuka mpaka mwezi Juni kwenda Namugongo kuwaheshimu Mashahidi wa Uganda. Kabla ya kuondoka tunasali, na mara nyingi padre hulibariki gari.

Desturi hiyo ni njema. Baraka ya gari ni mojawapo ya visakramenti: kwayo Kanisa huwaombea ulinzi wa Mungu wote watakaolitumia, na huwakumbusha wajibu wao. Haigeuzi gari kuwa hirizi. Injili inatusimulia jinsi Shetani alivyomshawishi Bwana wetu ajitupe kutoka juu ya hekalu, kwa kuwa malaika wangemdaka, naye akakataa kumjaribu Mungu. Mwenye kuomba ulinzi wa Mungu, kisha akaupuuza mkanda alioukalia na taa nyekundu inayowaka mbele ya macho yake, analikaribia jaribu lile lile.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inalifafanua jambo hili chini ya Amri ya Tano. Namba 2269 inafundisha kwamba ni haramu kumweka mtu katika hatari ya kifo pasipo sababu nzito, na namba 2290 inawataja wazi wale ambao kwa ulevi au kupenda mwendo wa kasi wanahatarisha maisha yao na ya wengine. Mwaka 2007 Baraza la Kipapa kwa ajili ya huduma za kichungaji kwa wahamiaji na watu wasio na makazi maalumu lilitoa mwongozo wa uchungaji wa barabarani, wenye amri kumi kwa madereva; ya kwanza ni kutoua. Uzito wa mafundisho haya unaonekana katika taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023: takribani watu milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na hakuna kinachoua zaidi ya ajali hizo miongoni mwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29.

Kwa hiyo kulifahamu gari ni sehemu ya upendo kwa jirani. Magari mengi tunayotumia yamekuja yakiwa yametumika tayari huko Japani, na kitabu chake cha maelezo, kama kipo, kimeandikwa Kijapani. Wengi hujifunza kuyawasha na kuyaendesha, lakini hawajaelezwa kamwe yale mengine. Tuyatazame hapa kwa utaratibu.

Mkanda, kiti na mfuko wa hewa

Mkanda wa usalama wenye nukta tatu, unaopita begani na kiunoni, ulibuniwa na Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo, mwaka 1959. Tangu hapo hakijapatikana kifaa cha kuchukua nafasi yake. Gari linapogonga, husimama ghafla, lakini miili iliyomo ndani huendelea kwenda kwa mwendo ule ule hadi izuiwe. Kugonga ukuta kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa karibu mita 10, yaani kama ghorofa ya tatu.

Mkanda uvaliwe ipasavyo. Sehemu ya chini ilale juu ya mifupa ya nyonga, si juu ya tumbo. Ya juu ipite katikati ya bega na kifua, isiwekwe chini ya kwapa. Mama mjamzito aupitishe mkanda wa chini chini ya tumbo. Mkanda mmoja ni wa mtu mmoja. Anayeketi nyuma naye ajifunge, kwa kuwa katika ajali mwili wake hurushwa na kumponda aliye mbele.

Mtoto mchanga hapakatwi kiti cha mbele. Katika mgongano wa mwendo huo wa kilomita 50, mtoto wa kilo 10 huchoropoka mikononi kwa nguvu inayoweza kufikia uzito wa kilo 200. Hakuna mama, hata awe na upendo gani, anayeweza kumshika. Nafasi yake ni kiti cha nyuma, katika kiti maalumu cha mtoto kilichofungwa vizuri.

Mfuko wa hewa, unaotambulika kwa herufi SRS kwenye usukani na dashibodi, ni msaidizi wa mkanda. Hufumuka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kwa nguvu kubwa. Asiyefunga mkanda hurushwa mbele na kukutana nao ukiwa bado unafumuka, na unaweza kumjeruhi vibaya. Dereva akae walau sentimita 25 kutoka kwenye usukani. Kiti cha mtoto kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi.

Kiegemeo cha kichwa nacho si pambo. Kipandishwe hadi ukingo wake wa juu ulingane na utosi, ili gari likigongwa kutoka nyuma shingo isivunjike.

Lugha ya taa za dashibodi

Taa za dashibodi husema kwa rangi. Kijani na buluu hueleza kwamba kitu fulani kimewashwa. Njano huonya: fundi aitazame hitilafu mapema. Nyekundu huamuru: simama mahali salama.

Taa nyekundu nne zinapaswa kujulikana na kila dereva. Ya kwanza ina umbo la birika la oili. Maana yake oili haisukumwi kwenye injini, na kuendelea hata kwa dakika chache huweza kuiua. Ya pili ni ya joto la injini. Simama, zima, wala usifungue kifuniko cha rejeta hadi ipoe, kwa kuwa maji yanayochemka huruka na kuunguza uso. Ya tatu ni ya betri, ikionyesha kwamba umeme hauchajiwi, na usiku taa zitafifia njiani. Ya nne ni duara lenye alama ya mshangao: ama breki ya mkono haijaachiwa, ama mafuta ya breki yamepungua. Ikibaki ikiwaka baada ya kuachia breki ya mkono, safari iishie hapo.

Liko jaribio jepesi la kufanya kila asubuhi. Zungusha ufunguo bila kuwasha injini. Taa zote za tahadhari zinapaswa kuwaka. Injini ikishawaka, zizimike. Taa ya ABS au ya mfuko wa hewa isiyowaka kabisa ni ya kutiliwa shaka, kwani huenda balbu yake imeondolewa ili kuficha ubovu. Anayenunua gari lililotumika alikumbuke hilo.

Breki na miteremko

Gari lenye mfumo wa ABS huzuia magurudumu yasikwame dereva anapokanyaga breki kwa nguvu, ili usukani uendelee kulitii. Mfumo ukifanya kazi, pedali hutetemeka chini ya mguu. Madereva wengi hushtuka na kuachia, ilhali yawapasa kuendelea kukandamiza bila kulegeza na kuligeuza gari kuelekea palipo wazi. Tena ABS haifupishi umbali wa kusimama katika kokoto na mchanga. Hapo dawa ni kupunguza mwendo.

Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali unaohitajika ili breki zilisimamishe gari huongezeka mara nne. Kwa kilomita 80 kwa saa gari hupita mita 22 kila sekunde, hata kabla mguu haujafika kwenye breki.

Katika miteremko mirefu, kama Kitonga mkoani Iringa, Sekenke mkoani Singida, au barabara ya Lushoto kushuka Mombo, breki zinazokanyagwa mfululizo hupata moto. Mafuta yake huweza kuchemka, pedali ikazama bila gari kupunguza mwendo. Kanuni ya zamani bado ni sahihi: teremka kwa gia ndogo, na uichague kabla ya kuanza kushuka, ili injini yenyewe ilizuie gari. Kuondoa gia ili kuokoa mafuta ni kuyaweka rehani maisha ya abiria. Kuzima injini ni kubaya zaidi, kwa sababu breki hupoteza msaada wake, usukani huwa mzito, na ufunguo ukichomolewa usukani hujifunga.

Katika gari la otomatiki, herufi D ni ya mwendo wa kawaida, na 2 na L ni gia ndogo kwa ajili ya milima na miteremko. Kitufe kilichoandikwa O/D kwenye mkono wa gia huwatatiza wengi. Kikibonyezwa, huwaka taa ya njano yenye maneno O/D OFF. Huo si ubovu, bali ni taarifa kwamba gia ya juu kabisa imezuiwa. Hali hiyo hufaa kupandia na kushukia. Katika barabara tambarare irudishwe, la sivyo injini huzunguka kwa kasi na kula mafuta bure.

Kuona na kuonekana

Usiku, taa ndefu zipunguzwe mara gari jingine linapokaribia, na pia unapolifuata gari la mbele. Taa za dharura, zinazowaka pande zote mbili kwa pamoja, ni za gari lililosimama au lililopata tatizo. Katika misafara ya arusi na mazishi tumezoea kuziwasha njia nzima. Matokeo yake ni kwamba anayetaka kukata kona hawezi tena kuonyesha upande anaoelekea, na aliye nyuma hawezi kujua. Taa za kawaida za mbele zatosha kuutambulisha msafara.

Rozari iliyoning'inizwa kwenye kioo cha ndani na picha za watakatifu zilizobandikwa kwenye kioo cha mbele ni ushuhuda wa imani, lakini zisizibe macho ya dereva. Rozari ikae mahali pasipoficha mtoto anayevuka barabara.

Tairi nazo zikaguliwe. Kiasi cha upepo kimeandikwa kwenye kibandiko karibu na mlango wa dereva, na hupimwa tairi zikiwa baridi. Ubavuni mwa tairi mna tarakimu nne za wiki na mwaka wa kutengenezwa: 1823 ni wiki ya 18 ya mwaka 2023. Tairi kuukuu laweza kupasuka hata likiwa na kashata nzuri.

Wajibu wa parokia na wa abiria

Tunazisihi kamati za safari zisitazame nauli peke yake. Siku moja kabla ya hija, mtu mmoja aliyeteuliwa akague pamoja na dereva: taa za dashibodi, tairi, mikanda, mtungi wa kuzimia moto, mlango wa dharura na nyundo ya kuvunjia kioo. Idadi ya abiria isizidi viti. Dereva apewe muda wa kulala, wala asishinikizwe kuwahi Misa kwa mwendo ambao Misa yenyewe isingeubariki.

Abiria naye asinyamaze. Kumwomba dereva kwa upole apunguze mwendo si dharau. Ni tendo la huruma kwake na kwa wote waliomo. Padre, katekista au mwenyekiti wa jumuiya akiwa wa kwanza kufunga mkanda, wengine watamfuata.

Tarehe 25 Julai, kwa maombezi ya Mtakatifu Kristofa, msimamizi wa wasafiri, parokia nyingi hubariki magari. Maji ya baraka yakishanyunyizwa, kila dereva azungushe ufunguo, azisome taa zake, aangalie kama wote wamefunga mikanda, ndipo aondoke.

Mungu awajalie safari njema.