Maneno ya Homer Kaburini mwa Bi Martha

Thomas Jefferson, aliyeandika Azimio la Uhuru wa Marekani mwaka 1776, alifiwa na mkewe, Bi Martha, tarehe 6 Septemba 1782. Marehemu alikuwa na miaka 33 tu. Kwenye jiwe la kaburi lake, huko Monticello, nasaba, ndoa na kifo vilichongwa kwa Kiingereza. Lakini pia pana mishororo miwili ya Kigiriki kutoka utenzi wa Homer uitwao Iliad. Ni kauli ya shujaa Achilles akimlilia mwandani wake Patroclus, aliyeuawa vitani Troy: kwamba hata kuzimu, wafu wanakosahauliana, yeye hatamsahau. Wapita njia wangapi wangeweza kuyasoma hayo? Wachache mno, na nadhani ndivyo alivyopenda mwenyewe. Hakuoa tena. Akawa Rais, na mwaka 1826 akazikwa kando ya mkewe.